Daftari la Bimaristani: Jinsi Waislamu wa Zamani Walivyoendesha Nyumba za Tiba Siku kwa Siku



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Swahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, miaka kadhaa iliyopita hapa Bujumbura, katika mtaa mmoja wa Waislamu, tulichangishana tukajenga dispensari ndogo ya vyumba vinne. Siku ya kuifungua tulichinja, tukasoma dua, na watoto wa madrasa yangu wakaimba kaswida. Daktari tulikuwa naye, mtu mwenye elimu na huruma. Lakini dispensari ile haikumaliza mwaka wa tatu. Nami nilikuwa mjumbe wa kamati, kwa hiyo katika lawama hii sijitoi.

Ilikuwaje? Hakuna aliyeandika nani kalipa na nani katibiwa bure. Dawa za homa zilikwisha na hakuna aliyejua zimekwisha lini. Muuguzi alikaa miezi bila mshahara, akavumilia, kisha akaondoka kimya kimya. Siku moja bibi mmoja mtu mzima alifika na mjukuu wake kabla ya jua kuchomoza, akakaa barazani mpaka Adhuhuri, kwa sababu mwenye funguo alikuwa amekwenda mazikoni na hakumwachia mtu mwingine. Mjukuu yule alipona, Alhamdulillaah, lakini alitibiwa kwingine. Tangu siku ile huwa nawaambia wenzangu kwamba sisi hatukukosa daktari, tulikosa daftari.

Sasa wazee wameanza tena kuzungumza juu ya kujenga nyingine. Katika kikao cha kwanza tulijadili kiwanja, bati na rangi ya kuta. Hakuna aliyeuliza nani atafungua mlango alfajiri. Ndipo nilipoona niandike makala hii, ili sisi wazazi na wanafunzi wetu tutazame jinsi waliotutangulia walivyoziendesha nyumba zao za tiba. Mara nyingi tunajisifu kwamba Waislamu walikuwa na mahospitali makubwa. Ni kweli. Lakini hospitali haisimami kwa sifa. Inasimama kwa kazi ndogo ndogo za kila siku, na kazi hizo wanahistoria wa Kiislamu wametuandikia.

HEMA LA RUFAIDA (RA)

Tuanze Madina. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Sa'd bin Mu'adh (RA) alipigwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume (SAW) aliamuru awekwe katika hema ndani ya msikiti ili apate kumtembelea kwa karibu. Vitabu vya sira vinamtaja mwanamke wa kabila la Aslam, Rufaida (RA), aliyekuwa akitibu majeruhi katika hema hilo na kuwahudumia wale wasiokuwa na mtu wa kuwaangalia.

Tazameni, ndugu zangu, mambo matatu yaliyomo humo. Mahali palikuwa panajulikana. Mhudumu alikuwa anajulikana. Na kiongozi alikuwa anapita kuuliza hali ya mgonjwa asubuhi na jioni. Hema tu, lakini lilikuwa na mpango.

NENO BIMARISTANI

Baadaye nyumba za tiba ziliitwa bimaristani. Ni neno la Kiajemi: bimar ni mgonjwa, na stan ni mahali. Mwanahistoria wa Misri, al-Maqrizi, ameandika kwamba wa kwanza kujenga nyumba ya namna hiyo katika Uislamu alikuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, mwaka wa 88H (707), na kwamba aliwapangia wenye ukoma posho ili wasiombe barabarani, na kila kipofu akampa mtu wa kumwongoza. Wanachuoni wa leo wanajadiliana kama ile ilikuwa hospitali kamili au makazi ya kuwatunza watu. Kwa vyovyote vile, posho ya kila mwezi maana yake kuna mtu anayeandika majina.

Huko Misri, Ahmad bin Tulun alijenga bimaristani yake katika mwaka wa 259H (873). Humo tunaanza kuona utaratibu wa mapokezi. Mgonjwa akiingia, nguo zake na fedha zake zilichukuliwa zikawekwa kwa mtunza amana. Akavikwa nguo za hospitali, akapewa kitanda, akalishwa na kutibiwa bila malipo. Alama ya kupona ilikuwa nyepesi kuijua: mgonjwa akiweza kula kuku na mkate mzima, basi ameruhusiwa kwenda kwao, na anarudishiwa mali yake yote. Ilikuwa marufuku pia kumlaza humo askari au mtumwa wa mtawala, ili vitanda vya wanyonge visije vikachukuliwa na wenye nguvu.

Ibn Tulun mwenyewe alikuwa akija kila Ijumaa kukagua. Alitazama stoo ya dawa, madaktari na wagonjwa. Siku moja akaingia upande wa wenye maradhi ya akili. Mmoja wao akamwambia kwa ufasaha kwamba yeye si mwendawazimu, ila amefanyiwa hila, na kwamba ana hamu ya komamanga kubwa. Ibn Tulun akaamuru aletewe. Yule bwana akalipima mkononi, kisha akamtupia nalo kifuani, likapasuka na kuzichafua nguo zake. Mtawala akaamuru mgonjwa yule aangaliwe vizuri, na yeye hakurudi tena kukagua.

Watoto hucheka sana nikiwasimulia kisa hiki. Lakini wakubwa tukifikirie. Ukaguzi unaotegemea mtu mmoja, hata akiwa mwenye nia njema, unakatika kwa komamanga moja. Ndiyo maana waliofuata waliweka ukaguzi katika mikono ya watu wengi na katika maandishi.

BAGHDAD: BWANA SINAN NA UHABA WA MAKAA

Mtu ninayempenda sana katika historia hii ni Sinan bin Thabit, aliyefariki mwaka wa 331H (943). Alikuwa tabibu, mtoto wa mwanachuoni mashuhuri Thabit bin Qurra, naye alikuwa msimamizi wa mahospitali ya Baghdad. Mwaka wa 306H (918) alifungua hospitali iliyogharimiwa na mama yake Khalifa al-Muqtadir, na matumizi yake yalikuwa dinari 600 kwa mwezi. Akamshauri Khalifa naye ajenge yake, ikajengwa, na matumizi yake yakawa dinari 200 kwa mwezi. Zingatia, ndugu msomaji: kilichoandikwa hapa si gharama ya kuta, ni gharama ya kila mwezi.

Katika Baghdad kulikuwa na hospitali nyingine iliyokuwa ikipata fedha zake kutoka katika wakfu wa Shuja', mama yake Khalifa al-Mutawakkil. Wakfu huo ulikuwa na mafungu mawili: fungu la ukoo wa Bani Hashim na fungu la hospitali. Msimamizi wa wakfu alikuwa akiwaharakishia Bani Hashim haki yao, na fungu la hospitali akilichelewesha. Baridi ikaingia. Wagonjwa wakakosa makaa ya kuotea, chakula na mablanketi. Sinan akaandika malalamiko kwa Waziri Ali bin Isa.

Waziri akamwandikia msimamizi barua kali yenye adabu. Akamwambia kwamba jambo alilolifanya ni baya mno, kwamba atake asitake yeye ndiye mwenye jukumu hilo, na kwamba haiwezekani wagonjwa wateseke kwa baridi na njaa huku fedha zao zipo. Akamwamuru atenge fungu la hospitali na kulipeleka haraka, hasa katika miezi ile ya baridi, na amweleze kwa nini alichelewesha.

Subhanallah! Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na ugomvi ni ule ule wa kamati zetu. Fedha ipo, nia ipo, lakini mwenye sauti kubwa analipwa kwanza, na mgonjwa ambaye hana sauti anangoja. Ukubwa wa Sinan katika kisa hiki haumo katika dawa aliyoipika. Umo katika kujua kwamba makaa yamepungua, kumjua anayehusika, na kuandika barua.

Waziri huyo huyo alimwandikia Sinan kwamba wafungwa, kwa wingi wao na ugumu wa mahali pao, hawakosi maradhi, na hawawezi kutoka kwenda kwa tabibu. Basi madaktari waende magerezani kila siku, pamoja na dawa na vinywaji. Kisha akaagiza madaktari wazunguke vijijini wakiwa na stoo ya dawa, wakae kila mahali kwa kadiri ya haja. Walipofika sehemu zenye Mayahudi wengi, Sinan aliuliza: na hawa tuwatibu? Waziri akajibu kwamba hakuna khilafu kuwa kuwatibu wasio Waislamu, na hata wanyama, ni jambo la sawa. Akaweka mpangilio wa nani aanze dawa zikiwa chache, binadamu kabla ya wanyama, na Waislamu kabla ya wengine, kisha kazi iendelee kwa wote. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa zama zao. Kinachotuhusu sisi ni kwamba swali liliulizwa kwa maandishi na likajibiwa kwa maandishi, wala mhudumu wa chini hakuachiwa aamue peke yake mlangoni.

MTIHANI WA MADAKTARI

Mwaka wa 319H (931) mtu mmoja wa Baghdad alikufa kwa kosa la tabibu. Khabari ikamfikia Khalifa, akamwamuru muhtasib, yaani mkaguzi wa masoko na kazi za watu, asimruhusu yeyote kutibu mpaka apimwe na Sinan. Waliojitokeza katika pande mbili za Baghdad walizidi mia nane na sitini, ukiwaacha wale ambao umaarufu wao uliwatosheleza.

Siku moja akaja mzee mwenye mavazi mazuri na haiba. Sinan akamheshimu, akamkalisha, akaendelea na wengine. Mwisho akamwuliza kasoma kwa nani. Mzee akatoa bahasha ya dinari akaiweka mbele yake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika vizuri, lakini ana familia na hiyo ndiyo riziki yake, akaomba asikatiwe. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti kwamba asimguse mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asiamuru kutoa damu au dawa ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Mzee akasema hiyo ndiyo njia yake siku zote. Kesho yake akaja kijana nadhifu. Umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Nani baba yako? Yule mzee wa jana! Sinan akamwuliza kama naye anafuata njia ya baba yake, akasema ndiyo. Akaambiwa asiipite.

Tunacheka, lakini Mtume (SAW) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengine, kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Msimamizi wa nyumba ya tiba anaposoma cheti cha anayeomba kazi, asidhani anafanya karatasi tu. Anaitekeleza hadithi.

DAMESKI: MAJINA YANAANDIKWA KILA ASUBUHI

Sasa twende Sham. Mwaka wa 549H (1154) Sultan Nur al-Din Mahmud Zangi aliingia Dameski, akajenga humo bimaristani inayoitwa al-Nuri. Jengo lake lingalipo, na tangu mwaka 1978 ni jumba la makumbusho ya tiba na sayansi.

Msafiri wa Andalus, Ibn Jubayr, alipita hapo mwaka wa 580H (1184). Alichokiona si kuta peke yake. Aliandika kwamba matumizi ya hospitali yalikuwa kiasi cha dinari 15 kwa siku, na kwamba wapo wasimamizi walioshika madaftari yenye majina ya wagonjwa na gharama wanazozihitaji katika dawa, chakula na mengineyo. Madaktari huja mapema kila siku, huwatazama wagonjwa, na huagiza dawa na vyakula vinavyomfaa kila mmoja.

Tabibu mkuu wa hapo alikuwa Abu al-Majd bin Abi al-Hakam. Siku yake ilikuwa hivi. Asubuhi alizunguka kwa wagonjwa, na pamoja naye walikuwa wasimamizi na wahudumu. Kila alichokiandika kwa mgonjwa, dawa au chakula, kilitekelezwa bila kuchelewa. Akimaliza alipanda ngomeni kuwatazama wakubwa wa dola waliokuwa wagonjwa. Kisha akarudi, akakaa katika ukumbi mkubwa wa hospitali wenye busati, vitabu vikaletwa, na madaktari na wanafunzi wakaja, wakasoma na kujadiliana naye kwa saa tatu. Wanafunzi wangu, ona mpangilio: wagonjwa wa kawaida walitangulia, wakubwa wakafuata, kisha darasa.

Kipo kisa kingine cha Dameski kilichosimuliwa na Khalil bin Shahin al-Zahiri, aliyefika huko mwaka wa 831H (1428). Bwana mmoja kutoka Uajemi aliona chakula kizuri cha hospitali ile, akajifanya mgonjwa. Tabibu akampapasa mshipa, akamjua mara moja, lakini hakumfedhehesha. Akamwandikia kuku, halua, vinywaji na matunda. Baada ya siku tatu akamwandikia karatasi kwamba mgeni ni siku tatu. Yule bwana akaelewa, akaondoka. Kila anayekaa mapokezi ya dispensari anawajua watu wa namna hii, na tabibu yule ametufundisha kuwaondoa bila kuwatukana.

CAIRO: WAKFU WENYE MASHARTI

Al-Mansur Qalawun alipokuwa bado amiri aliugua tumbo kali huko Dameski, akatibiwa kwa dawa zilizoletwa kutoka hospitali ya Nur al-Din. Akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga kama hiyo. Akaitimiza Cairo mwaka wa 683H (1284), na kazi ilikwisha kwa muda usiotimia mwaka.

Wakfu wake ulitaja kwamba ni kwa ajili ya wote: mfalme na mtumwa, mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke. Mapato ya mali zilizowekwa wakfu yalikaribia dirham milioni moja kwa mwaka. Wagonjwa waligawanywa: wa homa mahali pao, wa macho mahali pao, wa majeraha mahali pao, wa kuhara mahali pao, na wanawake mahali pao. Maji yalipita ndani.

Lakini utamu wa waraka ule, kwa sisi wanakamati, umo katika mambo madogo. Waliwekwa watu wawili wenye dini na uaminifu. Mmoja alishika stoo ya dawa na vinywaji. Mwingine kazi yake ilikuwa kuchukua vikombe vya dawa asubuhi na jioni, kumpa kila mgonjwa cha kwake, na kuhakikisha amekunywa kile alichoandikiwa. Chakula cha kila mgonjwa kiwekwe katika bakuli lake peke yake, na lifunikwe. Wakati wa joto wapewe vipepeo vya makuti. Wahudumu wa wanaume wawe wanaume, na wa wanawake wawe wanawake, kazi yao kufua nguo, kufagia na kuwasaidia wagonjwa. Madaktari waingie asubuhi, pamoja au kwa zamu, na usiku wawepo wa kulala humo. Masikini anayeugua nyumbani kwake apelekewe dawa. Anayepona apewe nguo, na anayekufa akoshwe, avikwe sanda na azikwe kwa gharama ya wakfu.

Nani leo anaweka sharti la bakuli kufunikwa? Na hilo bakuli ndilo linalozuia inzi.

Tabibu Ibn al-Nafis, aliyefariki mwaka wa 687H (1288), ambaye alieleza safari ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni, aliiachia hospitali hii nyumba yake na vitabu vyake. Na Ibn Battuta, aliyefika Cairo mwaka 1326, alisema kwamba mwenye kusifu anashindwa kuyataja mazuri ya hospitali hiyo. Huyu ndiye yule yule aliyekuja pwani yetu mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Macho yaliyoona wodi za Cairo ndiyo yaliyoona misikiti ya Waswahili.

TUSIIPAMBE HISTORIA

Hapa nawaomba wanafunzi wangu waniazime sikio. Historia tuipende, lakini tusiipambe.

Kwanza, husimuliwa sana kwamba al-Razi alitundika vipande vya nyama pande mbalimbali za Baghdad ili aone wapi nyama inachelewa kuoza, na hapo pakajengwa hospitali ya Adudi. Hospitali ya Adudi ilifunguliwa mwaka wa 372H (982), nayo ilianza na madaktari 24. Al-Razi alifariki kiasi cha mwaka 925, zaidi ya miaka hamsini kabla. Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika habari za matabibu katika karne ya 13, aliliona tatizo hilo mwenyewe. Kwa hiyo hospitali iliyotajwa haiwezi kuwa ile. Tuwe waangalifu na tunachowatumia watu katika simu.

Pili, waliofanya kazi humo hawakuwa Waislamu peke yao. Ibn al-Tilmidh, Mkristo aliyefariki mwaka 1165, alikuwa mkuu wa hospitali ya Adudi na aliandika kitabu cha dawa za kutumika hospitalini. Nyumba yake ilipakana na madrasa ya Nizamiyya. Mwanafunzi wa fiqhi akiugua, alimhamishia kwake, akamuuguza, na akipona akampa dinari mbili na kumrudisha. Tumshukuru mtu kwa wema wake.

Tatu, na hili ni zito, al-Maqrizi ametaja kwamba jengo la Qalawun lilijengwa kwa kuwalazimisha watu. Amiri aliyesimamia ujenzi aliwakamata mafundi na hata wapita njia wabebe mawe, na mahali penyewe palitwaliwa kutoka kwa wenyewe. Baadhi ya wacha Mungu wakachukia kuswali humo. Basi ukubwa wa sadaka hauifuti dhuluma. Nasi tukijenga, tusimcheleweshee fundi ujira wake kisha tukaandika ukutani kwamba ni sadaka.

KARATASI YA MGONJWA

Vitabu vya hisba, kama cha al-Shayzari wa karne ya 12, vimetaja utaratibu ambao ungefaa ubandikwe katika kila dispensari. Tabibu akiingia kwa mgonjwa amwulize sababu ya ugonjwa na maumivu anayoyaona, kisha aandike dawa aliyoipanga, na nakala awape watu wa mgonjwa mbele ya mashahidi. Kesho yake afanye vivyo hivyo. Akipona, tabibu achukue ujira wake. Akifa, watu wake wazipeleke karatasi zile kwa tabibu mkuu. Akiona kazi ilikuwa sawa, atawaambia. Akiona kuna uzembe, atawaambia wadai diya.

Karatasi ile ilimlinda mgonjwa, na ilimlinda pia daktari mwema asisingiziwe.

KWA NINI ZILIKUFA?

Wafaransa walipoingia Cairo mwaka 1798 walikuta hospitali ya Qalawun katika hali ya udhaifu, wagonjwa wachache na vitu vichache. Kuta zilikuwepo. Kilichokuwa kimekwisha ni mapato ya wakfu na mikono ya kuyasimamia. Katika karne ya 20 palijengwa hapo hospitali ya macho, na wema wa mahali ukaendelea kwa namna nyingine.

Sisi watu wa Afrika Mashariki wakfu tunaujua. Pwani wazee waliweka minazi, nyumba na maduka kwa ajili ya misikiti. Kwa hiyo njia si ngeni kwetu. Tunachokosa ni kuuweka wakfu pamoja na masharti yake, na kumweka mtu wa kuulizwa.

TUCHUKUE NINI?

Nimewaandikia wazee wa kamati mambo sita, na hapa nawashirikisha nanyi:

1. Kabla ya tofali la kwanza tujue faranga ngapi zitahitajika kila mwezi, na zitatoka wapi. Duka moja la kukodisha ni bora kuliko harambee kumi.

2. Daftari la wagonjwa lijazwe kila asubuhi, na la dawa kila jioni.

3. Funguo ziwe kwa watu wawili, na zamu iandikwe ukutani.

4. Mshahara wa muuguzi na mfagiaji ulipwe kabla ya shughuli za sherehe.

5. Vyeti vya kila anayegusa mgonjwa vikaguliwe, hata akiwa mtoto wa mjumbe. Kumbukeni mzee wa Baghdad na mwanawe.

6. Anayekagua asiwe mmoja. Kumbukeni komamanga.

Na wazazi, kazi hizi tuziheshimu mbele ya watoto wetu. Kila mtoto tunamwambia awe daktari. Ni vizuri. Lakini mwambie pia binti yako kwamba anayepanga foleni kwa uadilifu, anayejua kwamba glavu zimebaki boksi moja, anayempigia simu mama mjamzito kumkumbusha siku yake, huyo naye yumo katika safu ya Sinan bin Thabit na wale waaminifu wawili wa Cairo. Amana ni amana, hata ikiwa ni funguo.

MASWALI KWA WANAFUNZI

- Kwa nini Ibn Tulun aliacha kukagua hospitali, na tungefanyaje ili ukaguzi usikatike?
- Nani alikosa katika kisa cha makaa ya Baghdad: mtoa wakfu, msimamizi au tabibu?
- Eleza kwa nini kisa cha nyama za al-Razi hakiwezi kuhusu hospitali ya Adudi.

Kikao chetu cha pili ni baada ya swala ya Ijumaa ijayo. Safari hii nitakuja na daftari jipya, na kabla hatujazungumza bati nitaomba tuandike ukurasa wa kwanza: nani atafungua mlango alfajiri, na asipokuwepo, nani badala yake. Bibi yule aliyekaa barazani bado yu hai, na nyumba yake haiko mbali na kiwanja kinachotajwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe waaminifu katika madogo na makubwa. Amin.

Wabillaahi Tawfiiq.